Pampu za sola zimetukomboa Dodoma, ila kamba yangu ya kisimani ina maneno

MtuWaMpunguzi (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu,

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Kila nikiingia humu nakuta watu wanabishana akili bandia itachukua kazi za nani na magari ya umeme yatatufikia lini. Sawa. Lakini teknolojia mpya iliyogeuza maisha ya huku kwetu kuliko zote haina skrini wala haiongei. Ni pampu ya sola.

Nina shamba upande wa Mpunguzi, barabara ya Iringa. Zabibu ekari moja na nusu, pembeni nyanya na chainizi. Hadi 2019 nilikuwa navuta maji kwa pampu ya petroli. Wanaoijua wanaijua: unavuta kamba mara sita haiwaki, unafungua plagi unaipuliza, unaifuta kwa shati, unavuta tena. Ikishawaka husogei, umesimama pale pale unapiga hesabu, maana kila lita inayoungua ni hela ya nyanya. Udongo ukilowa juu juu unazima. Mmea ungesema nini haikuwa hoja, mfuko ndio ulikuwa unasema.

2020 nikajikamua. Nikachimba kisima cha mita 60, nikaweka paneli na pampu ya kuzamisha. Siku ya kwanza maji yalitoka bila mlio wowote. Mama yangu alikuja akasimama mbele ya bomba, akageuka huku na huku, akauliza, "Mashine iko wapi?" Nikamwonyesha jua. Akacheka, akasema kumbe siku hizi hata Mungu anavuta maji.

Fundi aliyeniuzia aliniambia mambo mawili: jua halileti bili, na maji ya chini hayaishi. La kwanza ni kweli.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Nilianza na nusu ekari ya mboga. Maji yakawa yanabaki, nikaona nachezea bahati, nikaongeza hadi ekari moja. Mwaka uliofuata nikaongeza tena. Sikuwa peke yangu. Jirani aliona, shemeji yake akaona, na mstaafu mmoja kutoka mjini akanunua ekari tano juu yetu. Leo nikipanda kwenye kichuguu cha shambani kwangu nahesabu seti 11 za paneli. Na nusu yetu tuna matanki yanayofurika saa saba mchana, maji yanashuka barabarani, hakuna anayekimbia kufunga. Nani akimbie wakati hayalipiwi?

Kuna kitu kingine kilichoondoka na petroli ambacho sikukifikiria kabla: mlio. Zamani ukiwa umelala kibandani ulijua yule anavuta maji, yule kazima, yule leo hana hela ya mafuta. Tukikutana jioni tunataniana, "leo umenguruma sana bwana." Sasa wote tunavuta kwa pamoja, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, kimya, na hakuna ajuaye mwenzake amevuta kiasi gani.

Nyumbani tuna kisima cha zamani cha kuchimbwa kwa mkono, alikichimba marehemu baba. Kina mita 15. Tangu nifunge sola nimejiwekea desturi: kila mwisho wa Oktoba, kabla ya mvua, nashusha kamba yenye fundo kila nusu mita na jiwe mwishoni. Nasikiliza jiwe likipiga maji, naweka alama ya kidole mdomoni mwa kisima, navuta, nahesabu mafundo. Vipimo vyenyewe hivi, kutoka juu hadi usawa wa maji:

2020: mita 8.5
2021: mita 9.2
2022: mita 10.4
2023: mita 11
2024: mita 9.8 (baada ya ile mvua kubwa ya 2023/24)
2025: mita 11.6

Najua kisima kimoja cha baba yangu si utafiti. Lakini kuna utafiti, tena wa hapa hapa Dodoma, na nashangaa hauongelewi vijiweni. Visima vya Makutupora, vinavyonywesha mji wetu, vimekuwa vikipimwa kina cha maji tangu 1955. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha walichokiona kwenye kumbukumbu hizo za miaka 55. Misimu saba tu ya mvua kubwa ndiyo iliyoingiza asilimia 60 ya maji yote yaliyojaza chini kwa kipindi hicho chote. El Niño ya 97/98 peke yake iliingiza asilimia kama 20.

Yaani mvua yetu ya kawaida, hii ya milimita 500 na kitu, karibu yote inaishia kwenye majani na hewani. Maji ya chini tuliyonayo si mshahara unaoingia kila mwezi. Ni mtoto aliyeko ng'ambo anayekumbuka kutuma hela mara moja kwa miaka minane. Na sisi tumepata mashine ya kutoa hela isiyokata makato.

Sijaja kusema sola mbaya. Mimi mwenyewe sirudi kwenye petroli hata mkinichapa. Naomba kujua: kuna kijiji au kikundi chochote ambacho watu wamekaa wakakubaliana namna ya kuvuta? Mlifanyaje, na aliyekataa mlimfanya nini?

---

Kijana_wa_Nkuhungu

Nimeweka kambi hapa na mkeka wangu.

Ila mkuu, Mgogo kulima chainizi wakati mlenda unajiotea wenyewe, hilo nalo liundiwe uzi wake.

---

MamaTausi

Kaka nimekusoma hadi mwisho na nimekuelewa, lakini nina neno.

Mimi ni wa vijijini Chamwino. Nimekua nachota maji kwenye korongo. Kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu, mnafukua shimo kwa kibuyu na mikono hadi mkono unaingia wote, halafu unakaa unasubiri maji yajikusanye. Ndoo moja nusu saa. Tulikuwa tunaamka saa tisa usiku ili tukute shimo limejaa kabla wenzetu hawajafika. Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa nasinzia hesabu, mwalimu anadhani mimi ni mzito wa kichwa.

Sasa hivi kijijini kuna pampu ya sola na kituo, unaweka kadi, maji yanatoka, ndoo inajaa ukiwa bado unamsalimia mwenzako. Binti yangu hajui kufukua korongo na sitaki ajue.

Kwa hiyo mkianza kusema sola inamaliza maji, kuweni makini mnamsema nani. Wanaume wenye ekari tano za nyanya wakivuta hadi tanki likafurika barabarani, kesho ikija amri ya kupunguza, atakayeanza kupunguziwa ni mimi na ndoo yangu. Huwa ni hivyo. Andika vizuri: maji ya kunywa mbali, maji ya biashara mbali.

---

MtuWaMpunguzi

Dada MamaTausi, hapo umenishika. Nilichanganya. Ndoo za kijiji kizima kwa siku hazifiki hata maji ninayomwaga mimi kwenye nyanya. Nimekubali.

---

FundiVisimaDom

Nachimba visima mkoa huu na Singida mwaka wa 14 sasa, niseme na mimi.

Kwanza mleta mada, Makutupora si Mpunguzi. Pale ni bonde lenye udongo mnene na ufa mkubwa, linashika maji mengi. Huku kwingine sehemu kubwa ni mwamba wa granaiti, maji yanakaa kwenye ule udongo uliooza juu ya mwamba na kwenye nyufa. Naweza kuchimba hapa nikapata, nikasogea hatua 50 nikatoa vumbi. Kwa hiyo kushuka kwa kisima cha baba yako kunaweza kuwa ni majirani, kunaweza kuwa ni ukame wa 2021 na 2022, kunaweza kuwa vyote. Kamba haitakwambia.

Pili, utafiti huo huo ulioutaja una upande wa matumaini mbona umeuacha. Kama mvua kubwa kubwa zitazidi kadiri dunia inavyopata joto, maji ya chini yanaweza kunufaika hata kama mito na mazao ya juu yanateseka.

Tatu, na hapa ndipo ninapokuunga mkono. Tatizo ninaloliona kila siku si sola, ni watu kukataa kupima kisima. Baada ya kuchimba unatakiwa uvute mfululizo kwa saa nyingi, uangalie maji yanashuka hadi wapi yakatulia, uzime, uangalie yanarudi kwa muda gani. Hapo ndipo unajua kisima kinatoa lita ngapi kwa saa bila kujiumiza, na unanunua pampu ya saizi hiyo. Mteja anasema, "Fundi, hayo ya kupima ni ya nini, maji si nimeyaona? Weka kubwa tumalize kazi." Kisima cha lita 1,500 kwa saa kinawekewa pampu ya lita 4,000. Baada ya miezi mitatu ananipigia simu, pampu inavuta hewa, imeungua, fundi umeniuzia feki.

Kwa asiyeelewa kisima cha jirani kinakuathiri vipi: chukua bakuli la mlenda, chovya tonge katikati, toa haraka. Unaona shimo? Pembeni panateremka taratibu kuja kuziba. Ukichovya kabla halijaziba, shimo linakuwa pana zaidi. Sasa weka watu 11 kwenye bakuli moja.

---

Kijana_wa_Nkuhungu

Mlenda umerudi kwenye mada, nimeridhika.

---

BaharìNiKwetu

Nyie watu wa kanda ya kati poleni. Si mhamie huku pwani, treni ya umeme ipo, mnapanda asubuhi mchana mnakula samaki.

---

FundiVisimaDom

@BaharìNiKwetu huko kwenu ukivuta sana kisima kinakuja na chumvi ya bahari, nimechimba Kigamboni nimeona. Kula samaki wako taratibu.

---

Chimbuko

Naongezea upande wa sheria maana naona watu wanaongea kama hakuna mwenyewe.

Maji ya chini si mali ya mwenye shamba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka maji yote mikononi mwa umma, na yanasimamiwa kupitia bodi za maji za mabonde. Ukitaka kuchimba kisima kirefu unahitaji kibali, na ukitaka kutumia maji kwa kilimo unahitaji kibali cha kutumia maji, kinachotaja kiasi. Kisima cha mkono cha matumizi ya nyumbani hakibanwi hivyo, mama mwenye ndoo asiogope.

Mkoa wetu una kichekesho chake: hauko bonde moja. Upande wa Makutupora na Kinyasungwe maji yanaelekea Wami/Ruvu, upande wa Bahi ni Bonde la Kati ambalo maji yake hayafiki baharini kabisa, na kuna vipande vinavyoteremka kwenda Rufiji. Kwa hiyo watu wawili wa Dodoma wanaweza kuwa na bodi mbili tofauti. Jueni kwanza mko wapi kabla hamjaandika barua.

Na sheria hiyo hiyo inaruhusu watumiaji wa maji kuunda jumuiya yao. Jumuiya ikisajiliwa ina nguvu ya kukaa na kugawana, hata kuamua migogoro midogo. Kwenye mito ziko nyingi. Kwa wenye visima vya sola sijawahi kuiona hata moja, na ndiko zinakohitajika kuliko kwenye mto. Mto ukipungua kila mtu anauona.

---

MtuWaMpunguzi

@Chimbuko ya kibali cha kiasi naijua, ninacho kwenye droo. Kimeandikwa lita kwa siku. Mita ya kunipima sina, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nasema ukweli wangu hapa kwa sababu jina si langu.

---

Mwl_wa_Kondoa

Vijana, ngojeni mzee niwarudishe nyuma kidogo.

Waliopita Kolo na Haubi wanajua makorongo ya Kondoa. Ardhi ilikuwa imechanika, korongo linaweza kumeza lori. Mwaka 1973 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Teknolojia mpya ya wakati ule ilikuwa matingatinga ya kuchimba matuta ya kuzuia maji. Sisi watoto tulikuwa tunatoroka shule kwenda kuyaangalia. Matuta yalichimbwa, mvua zikaja, mengi yakabomoka. Mwaka 1979 ikaja amri: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika. Maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wakaswagwa. Babu yangu mdogo alihama nao akaenda Kiteto, hakurudi, alizikwa huko.

Baada ya miaka michache nyasi zikarudi, miti ikarudi. Ukipita leo unaona kijani. Wataalamu walikuja kupiga picha. Babu hayumo kwenye picha hizo.

Nawaambia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, mashine haikuponya ardhi; kilichoponya ni watu kuacha kufanya jambo fulani. Ya pili, walioacha waliacha kwa amri, na iliwavunja. Nyie mna nafasi ya kuacha kwa kuelewana. Watu 11 si wengi hao.

Halafu mnaongelea kutoa tu, hakuna aliyeongelea kuingiza. Miaka hii vijiji vingi vya Dodoma vinafanya kisiki hai: mti uliokatwa, kisiki chake kikichipua, unachagua machipukizi machache unayapogoa na kuyatunza, mengine unayakata, unapata mti bila kupanda mti, maana mizizi ya zamani ipo tayari. Weka na mitaro ya kukinga maji kufuata kontua, yaani ikatishe mteremko kwa usawa mmoja. Maji yanayokimbia barabarani mvua ikinyesha saa moja, hayo ndiyo maji yenu ya chini yanayowatoroka.

---

Jembe_la_Mkono

Shikamoo Mwalimu. Babu hayumo kwenye picha. Dah.

---

Mpita_Njia_88

Nilisoma India miaka kadhaa, niwape ya huko.

India ndiyo inayovuta maji mengi zaidi ya chini duniani. Serikali za majimbo zilikuwa zinawapa wakulima umeme wa bure au wa bei ya kutupa, matokeo yake ni haya haya ya mleta mada, zidisha mara elfu. Sasa sola imekuja na wana hofu ile ile.

Lakini jimbo la Gujarat kuna kijiji kinaitwa Dhundi, 2016 wakulima waliunda ushirika. Paneli zao zimeunganishwa kwenye gridi. Mkulima akiwa hamwagilii, umeme wa paneli zake unauzwa kwa shirika la umeme. Ghafla kila lita unayovuta bila sababu ni hela unayojinyima. Mleta mada umesema zamani petroli ilikuwa inakufanya uhesabu. Wale wamemrudisha mhesabuji bila kurudisha moshi.

---

Kijana_wa_Nkuhungu

TANESCO aninunulie MIMI umeme? Niamshwe kwanza.

---

Mpita_Njia_88

@Kijana_wa_Nkuhungu cheka, lakini mashamba ya Mpunguzi mengine nguzo zimepita juu yake.

---

BetriMbovu

Uzi mzuri ila mnaisifu sana sola upande mmoja. Pampu ya shambani haina shida, tanki ndiyo betri yake. Njoo majumbani.

Nyumba ngapi vijijini zina ile betri kubwa ya maji, ya risasi? Inaishi miaka mitatu, minne ukiitunza, halafu inakufa. Inakwenda wapi? Kijana wa vyuma chakavu anapita na toroli, anainunua kwa kilo. Kilo haihitaji maji ya betri, kwa hiyo anayamwaga. Nimemwona kwa macho yangu nyuma ya gereji moja hapa mjini, kaigeuza juu chini kwenye mtaro, kuku wanapita pale pale. Nikamuuliza, akasema, "Hiyo ni asidi tu mzee, inakauka." Alikuwa na ndala miguuni.

Asidi ni nusu ya hatari. Nusu nyingine ni vumbi la risasi, na hilo linaingia kwenye akili ya mtoto na halitoki. Senegal, kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer pale Dakar, watu walikuwa wanachekecha mchanga wenye mabaki ya betri kuuza risasi. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008 watoto 18 walikufa. Jirani hapa Mombasa, Owino Uhuru, wakazi waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri, mahakama mwaka 2020 ikawapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na wakaendelea kuzisubiri mahakamani miaka.

Sisi tuna kanuni za taka za umeme na elektroniki tangu 2021. Kanuni ni nzuri. Nionyesheni kijiji ambacho mtu anajua ampelekee nani betri iliyokufa, mbali na yule wa toroli.

---

FundiVisimaDom

Mkuu BetriMbovu fungua uzi wako, hii inastahili. Kwa ufupi tu: kama mtu ana uwezo, anunue lithiamu ile ya chuma na fosfeti. Haina risasi, inaishi miaka mingi zaidi. Bei ndiyo inauma.

---

MamaTausi

Nimerudi. Nimecheka na huyo wa "asidi tu". Mume wangu amewahi kuibeba hiyo betri kwenye boda mapajani, suruali ilitoboka kama imeliwa na panya.

Ila nilitaka kusema kuhusu kadi ya maji niliyoisifu juu. Si kwamba haina taabu. Ile mashine ikipoteza mtandao kadi haisomi, na maji yako chini hapo hapo unayasikia. Mwezi wa tisa tulikaa siku nne. Siku ya tatu wanawake wakarudi korongoni kufukua, na wale wasichana wadogo wakawa wanaangalia tu, hawajui waanzie wapi. Bibi mmoja akawafundisha. Nilisema sitaki binti yangu ajue. Siku hiyo nilinyamaza nikamwacha afundishwe.

---

MtuWaMpunguzi

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu, nilisema nitaleta mrejesho.

Nilisoma maoni yenu yote kwa sauti nyumbani. Jumapili baada ya ibada nikawaita majirani. Kati ya 10 wakaja saba, ambayo kwa kikao kisicho na chakula ni wengi. Niliweka mezani mambo mawili tu, kila mmoja aweke floti ya kuzima pampu tanki likijaa, na kila mmoja apime kisima chake mwisho wa mwezi tuandike kwenye daftari moja. Sikugusa ekari za mtu wala masaa ya mtu. Mwalimu wa Kondoa alikuwa kichwani kwangu.

Watano wakakubali pale pale. Mmoja akasema atafikiri. Yule mstaafu wa ekari tano, ambaye kwa kweli ndiye aliyenifanya niitishe kikao ingawa sikusema, akasimama akasema vipimo vyangu haviaminiki. "Unatupimia kwa kamba ya kufungia mbuzi bwana. Kamba ikilowa miaka mitano inanyooka. Wewe unapima kunyooka kwa kamba."

Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, maana sikuwa na jibu. Kweli ni kamba ile ile tangu 2020.

Kesho yake asubuhi akaja nyumbani na futi ya mafundi ya mita 30. Tukaitandaza kamba uani, tukaivuta kidogo ikakaza, tukaweka futi pembeni. Mama akatoka na kigoda akakaa kuangalia. Mafundo 20, yaani mita 10 kwa hesabu yangu, yalikuwa mita 10 na sentimeta 32. Mzee alikuwa amesema kweli, kamba imenyooka.

Akainuka ameshika kiuno, anatabasamu. Halafu nikaona tabasamu linapungua. Maana naye ni mtu wa hesabu, alikuwa mhasibu. Kama fundo zimeachana, basi nilipohesabu mita 11.6 kamba iliyozama kisimani ilikuwa ndefu kuliko hiyo. Tukashusha futi yenyewe, tumeifungia kokoto. Maji yako mita 11.98.

Alikaa kimya, akaikunja futi yake taratibu. Mama akamuuliza kama atakunywa chai. Akasema atakunywa. Alipomaliza akaniuliza hizo floti zinauzwa wapi na kama fundi anafunga bure.

---

FundiVisimaDom

Soko la Majengo zipo, maduka ya vifaa vya maji. Aangalie waya usiwe mfupi, na atake ya kutumika na pampu ya sola, si ile ya choo. Kufunga si bure, mwambie mzee.

---

Kijana_wa_Nkuhungu

Na wale watatu ambao hawakuja kwenye kikao?

---

MtuWaMpunguzi

Mmoja alikuwa anamwagilia.